Kuchora magugu ya uani: jibu kwa mwalimu wa Muheza

*Swali:* Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Muheza. Napenda kuchora, na tangu masika yaanze nachora mimea inayojiotea uani kwangu na kando ya mfereji wa barabara: mgagani, kongwe, kishonanguo. Nakutumia picha tatu. Kila anayeziona anasifia, ila mimi naona zimekaa kama maua ya kanga. Zimekosa nini? Halafu mwenzangu kazini ananicheka. Anasema tumekaa chini ya milima ya Usambara, yenye maua ambayo dunia nzima inayahangaikia, mimi nahangaika na magugu. Vifaa vyangu ni rangi za maji za bei ndogo na karatasi za kawaida.

*Jibu:*

Mwalimu, nianze na huyo mwenzako, maana ukishamjibu yeye, nusu ya swali lako la kwanza inajijibu.

Ua analolisema nadhani ni lile dogo la rangi ya urujuani linaloota kwenye miamba yenye kivuli huko juu. Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilikuta mwaka 1892, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa bustani za Herrenhausen, Hermann Wendland, akaliandika kisayansi na kulipa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo mkonge ulipoingia kwetu kutoka Florida. Ua likatoka, mkonge ukaingia, na mkoa ukapata sifa kwa kilichoingia.

Simkatazi mtu kulichora. Lakini limeshachorwa mno, na porini kwenyewe huwezi kujichukulia tu. Amani, huko juu Usambara, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na hata ukipata kibali cha kuingia, utalitazama siku moja, utashuka, basi. Mgagani wa uani kwako unang'oa mche mzima, unaupasua ua kwa wembe, unaliharibu, kesho unang'oa mwingine wala hakuna wa kukuuliza. Anayejifunza kuchora mimea anahitaji kuharibu maua mengi. Mmea adimu haumpi nafasi hiyo, na haifai umpe.

Ipo sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa. Orodha kamili ya mimea ya mwituni ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikamalizika 2012. Miaka sitini ya kazi, spishi zaidi ya 12,000. Michoro yake ya wino ni mizuri mno, na mingi ilichorwa kutokana na mimea iliyokaushwa: mchoraji wa Kew, bustani ya mimea iliyoko London, analowesha ua kavu kwenye maji ya moto mpaka lilegee, analifungua kwa sindano chini ya hadubini, anachora mmea ambao hajawahi kuuona umesimama. Kwa jani, tunda na mbegu, njia hiyo inatosha kabisa. Kwa kongwe haitoshi. Petali za kongwe ni laini kupita kiasi. Ua linafunguka asubuhi, jua likipanda linajikunja na kuyeyuka lenyewe, na ukilibana kwenye gazeti ulikaushe unabaki na doa la bluu. Wataalamu wa jamii hiyo ya mimea wamelalamikia jambo hili miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na makabati yamejaa kongwe zilizokaushwa, asiwe na kile ambacho wewe unacho saa moja asubuhi ukifungua mlango wa nyuma. Mchoro wako wa ua lile, ukiwa na vipimo, tarehe na mahali, unashika kitu ambacho karatasi ya mmea mkavu imeshakipoteza. Mwenzako mwambie hivyo.

Wala hujawa wa kwanza kuyatazama magugu kwa heshima. Mwaka 1503 Albrecht Dürer, mchoraji wa Kijerumani ambaye angeweza kuchora chochote alichotaka, alichora kwa rangi za maji kipande cha majani ya kawaida, yale ya kukanyagwa, na mimea mingi ndani yake inatambulika kwa jina mpaka leo. Picha hiyo iko kwenye jumba la Albertina, Vienna. Ukipata nakala yake kwenye simu, angalia jinsi alivyoshuka: jicho lake liko usawa wa udongo. Wewe picha zako zote tatu umezichora ukiwa umesimama.

Sasa kanga. Mchora kanga anarudia ua moja mara nyingi, na linatakiwa lisomeke kwa mbali mtu akiwa anatembea. Kwa hiyo analipunguza mpaka libaki umbo: petali zilingane, majani yakae mawilimawili, kila kitu kitazame mbele. Ni ufundi wake na anaujua. Tatizo lako ni kwamba mkono umeuzoea, unaufanya hata pale usipohitajika. Picha ya mmea inataka kinyume chake. Inataka mche huu mmoja ulioung'oa leo, ulioinamia kushoto kwa sababu ukuta wa jirani uliuzibia jua.

Tuanze na mgagani, maana hapo ndipo kosa lilipo wazi zaidi. Umechora petali nne nyeupe, sawa, na stameni (vile vijiti vya chavua) sita, sawa tena. Lakini stameni umezitoa chini kabisa, kwenye kitako cha ua, kama kwenye maua mengi. Kachukue ua bichi ulishike kwenye mwanga. Utaona petali zimekaa chini, kila moja imesimama juu ya kijikonyo chembamba kabla haijatanuka. Katikati yao kinapanda kijiti kirefu kitupu, hakina kitu. Kinapanda, kinapanda, na huko juu ndipo stameni sita zinapotawanyika zote pamoja. Kijiti hakijaisha: juu ya stameni kinaendelea tena, na mwishoni ndipo kilipo kitunda kichanga, chembamba, cha kijani. Tunda likikomaa linakuwa refu, na ukiangalia chini yake bado utakuta kovu la pale stameni zilipokuwa. Ua la namna hiyo si la kawaida hata kidogo, na ni mboga tunayochuma kila siku! Ukilipatia hapo, anayejua mimea akiona picha yako atasimama. Ukilikosea, hata rangi ziwe nzuri vipi, picha haitakuwa mgagani.

Jambo jingine kwenye picha hiyohiyo: majani yote umeyapa vijijani vitano. Chini ya mche ni kweli mara nyingi ni vitano, lakini ukikaribia maua vinapungua, unakuta vitatu, na vinakuwa vidogo. Na shina umelichora laini kama waya. Lipapase. Vidole vinanata kwa sababu lina vinyweleo vyenye ute. Usichore kila unyweleo, utachoka na utaharibu. Chora wachache pembezoni mwa shina, pale linapokutana na weupe wa karatasi, na jicho la mtazamaji litajaza mengine.

Kongwe. Umechora petali tatu zinazolingana. Ziko tatu kweli, ila mbili za juu ni kubwa na za bluu, ya tatu iko chini, ni ndogo, na unaweza usiione kabisa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Kiswidi, aliufanyia utani mmea huu: aliupa jina la Commelina, kutokana na ukoo wa Commelin wa Amsterdam, akisema petali mbili kubwa ni wale Commelin wawili waliotamba kwenye elimu ya mimea, na ile ndogo ni wa tatu aliyefariki kabla hajafanya lolote. Ndiyo maana mimi siisahau ile petali ya chini, na wewe sasa hutaisahau.

Kubwa zaidi ni kwamba ua lako linaelea juu ya shina. Ua la kongwe linachungulia kutoka kwenye jani lililojikunja, na humo ndani maua mengine yanasubiri zamu zao, moja baada ya jingine. Hilo jani lililojikunja ndilo litakalotuambia kongwe yako ni ipi, maana ziko aina nyingi. Ligeuze utazame upande wa nyuma. Kama kingo zake mbili zimeungana chini, likawa faneli, basi na kwenye mdomo wa ala ya jani (sehemu ya chini ya jani inayolivisha shina) tafuta vinyweleo vyekundu vya rangi ya kutu. Ukivipata, yaelekea una Commelina benghalensis. Kama kingo ziko wazi mpaka chini, ni nyingine. Kwa picha uliyonitumia siwezi kusema, kwa sababu sehemu yenyewe haimo.

Na ikiwa ni benghalensis, usiukate mche usawa wa udongo. Chimbua kwa kisu, taratibu, kwenye udongo uliolowa. Huko chini kuna vichipukizi vyeupe, na juu ya vichipukizi hivyo kuna maua ambayo hayafunguki kamwe. Yanajichavusha humohumo gizani na kutoa mbegu ardhini. Ndiyo maana wakulima wanaipalilia kongwe na bado inarudi. Picha ya kongwe yenye sehemu zote mbili, bluu juu na weupe chini ya ardhi, ni picha ambayo watu wengi walioishi nayo maisha yao yote hawajawahi kuiona. Ningekuwa wewe, hiyo ndiyo ningeitolea jasho.

Kishonanguo ni nzuri, kwa kweli sina mengi. Kile kitufe cha mbegu nyeusi umekipata vizuri sana. Ongeza mbegu moja pembeni, kubwa mara tano, na uandike "×5" chini yake. Tumia lenzi ya mkono: kwenye zile ncha mbili au tatu za juu kuna vimiiba vinavyotazama nyuma, kuelekea kwenye mbegu. Ndivyo vinavyoshika suruali. Wengi huvichora vinatazama mbele, na mbegu hiyo isingeshika kitu.

Uliniandikia pia kwamba jani moja lilikuwa limeliwa na mdudu ukalichora zima. Wachoraji hawakubaliani hapa. Michoro ya vitabu vya kisayansi hulikamilisha jani, kwa kuwa inataka kuonyesha spishi nzima. Wewe unachora mche wa uani kwako, na mimi ningeliacha tundu lilivyo. Lakini liwe tundu ulilolipima, lenye ukingo wa kahawia pale lilipoanza kukauka. Matundu ya kubuni yanajulikana mara moja.

Kuna msomaji mwingine atakayekuambia kishonanguo si mmea wa kwetu, na ni kweli, asili yake ni Amerika ya joto, kama mahindi na mihogo. Halikuzuii. Ila kwenye maelezo ya picha andika kwamba ni mgeni, usimwimbie sifa za mwenyeji.

Vipimo vinataka bikari, ile ya kwenye kisanduku cha hisabati cha wanafunzi wako. Tumia ncha zote mbili kupimia: urefu wa jani kwenye mmea, uhamishie kwenye karatasi, nafasi kati ya fundo na fundo, uhamishie. Chora kwa ukubwa halisi. Mmea ukizidi karatasi, ukate sehemu mbili uzichore ubavuni mwa mwenzake, usiupunguze. Picha ya simu isikudanganye hapa: kamera ikisogea karibu, kilicho mbele kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo, na ukinakili utanakili upotofu huo. Simu itumie kukumbuka jinsi ua lilivyokaa kabla halijanyauka.

Muda ndio adui. Ng'oa asubuhi, fungia mizizi kwenye kitambaa kilicholowa, simamisha kwenye chupa. Anza na ua, hata kama jani ndilo rahisi, kwa kuwa jani litakusubiri mpaka jioni na kongwe haitakusubiri mpaka saa sita. Majani ya akiba yaweke kwenye kontena la plastiki lenye kitambaa kibichi, kwenye friji kama unayo, yatakaa siku kadhaa. Tunda litafuata wiki zijazo. Liachie nafasi kwenye karatasi tangu mwanzo.

Rangi zako za bei ndogo zitakufikisha mbali ukiacha kutumia ile kijani ya ndani ya boksi. Picha zako tatu zina kijani kimoja, na hiyo peke yake inatosha kuzifanya kanga. Changanya bluu na njano, kisha tone dogo la nyekundu ili kijani kitulie. Mgagani ni kijani kinachoelekea kwenye kijivu, kishonanguo kimekolea zaidi, jani changa la chochote lina njano nyingi. Paka rangi kidogo kwenye kipande cha karatasi, kiweke juu ya jani lenyewe, ukikiona bado rudia. Mwanga uje kutoka juu kushoto, ni mazoea ya kazi hii, na uukalie hivyohivyo mpaka mwisho. Pale jani linapong'aa usipake kitu.

Petali nyeupe za mgagani umezizungushia mstari mweusi. Ufute. Weupe unatengenezwa na kilicho nyuma yake: pitisha jani au tumba nyuma ya petali mbili, nyingine ziache hewani kwa mstari mwembamba wa penseli ngumu, na kivuli chake kiwe kijivu ulichochanganya kwa rangi zilezile tatu, chenye maji mengi. Rangi nyeusi ya boksi mpe mtoto achezee.

Kama una pesa kidogo ya kutumia, isiende kwenye rangi wala kwenye brashi nyingi nyembamba. Iende kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida inakunjamana ikilowa na nyuzi zake zinanyanyuka ukirudia mara ya pili. Tafuta ya rangi za maji, laini, gramu 300 kwa mita ya mraba. Nunua moja kubwa uikate vipande. Michoro ya penseli ya maandalizi fanya kwenye hizohizo ulizonazo. Brashi moja namba 4 yenye ncha kali inafanya kazi kuliko seti nzima. Na kwa kuwa uko karibu na pwani, kazi zilizokwisha zilaze mahali pakavu, ukizitenganisha kwa karatasi safi, usizivalishe nailoni. Ukungu unapenda nailoni.

Pembezoni mwa kila mchoro, kwa penseli, andika tarehe, mahali ulipoung'oa (si "Muheza" tu, bali "ukingo wa mfereji, upande wa kivuli"), urefu wa mche, na jina la Kiswahili. Kisha muulize mzee wa hapo jina la Kibondei na uandike nani amekuambia. Majina hayo yanatofautiana kijiji hadi kijiji, na mengi hayajaandikwa popote. La Kilatini si lazima uanze nalo. Kwa uhakika zaidi, mche wa pili uliosimama palepale ubane ndani ya magazeti mpaka ukauke, uupe namba ileile ya mchoro. Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinahifadhi mimea ya namna hiyo, na mtaalamu ataweza kukuthibitishia jina kutokana na mche mkavu, huku mchoro wako ukimpa ua ambalo mche mkavu haukulibakiza.

Kwa hiyo kishonanguo kiache kilivyo, ongeza ile mbegu. Mgagani uuchore upya kuanzia kwenye kile kijiti. Kongwe ichimbue wiki hii kabla udongo haujakauka, na ukiituma tena, nitumie na upande wa nyuma wa lile jani lililojikunja.